Kimerudi, Saini Hii Hapa

Jumamosi, 1 Machi

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya saini. Mengine nitakayoandika humu ni ya kujazia nafasi, maana kurasa ni mia mbili na mimi sipendi kitu kiharibike bure.

Leo nimejiunga na maktaba. Kozi yangu ya utunzaji wa stoo ni kila Jumamosi asubuhi, mtihani ni mwisho wa Mei, na stoo kuu ya hospitali yetu inamsubiri mtu mwenye cheti. Mtu huyo ni mimi. Miaka kumi na saba nimefua mashuka ya wagonjwa nikivuta mvuke, inatosha.

Kwenye meza ya kuazimia yupo mzee mpole mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri (hilo sikosei, ni kazi yangu). Wasomaji wanamwita Mzee Muhuri. Nikamuuliza nikirudisha kitabu nitapewa karatasi gani.

"Karatasi ya nini, mwanangu? Kila kitabu kina kadi yake. Ukiazima, kadi inakaa kwenye droo yangu na jina lako. Ukirudisha, naitoa drooni naitia kwenye mfuko wake, nyuma ya kitabu. Yamekwisha."

"Na kadi ikisahaulika drooni?"

"Miaka thelathini na moja haijasahaulika hata moja."

Nikamwambia hongera, ila mimi nitakuja na daftari langu. Nitaandika jina la kitabu, namba yake na tarehe, na yeye atatia saini. Akacheka, akasema kwa mteja kama mimi atatia na muhuri juu yake.

Mume wangu, fundi wa friji, amelitazama daftari akaniuliza kama kuna mtu nampeleka mahakamani. Mume wangu ni msahaulifu. Mimi sijasahau mashuka arobaini ya wodi ya wazazi niliyoyapeleka kwa mikono yangu, nikaambiwa hayajafika. Nilikaa nyumbani wiki mbili nikiitwa mwizi mpaka yalipoonekana juu ya kabati la sista wao. Hakuna aliyeniomba radhi. Tangu siku ile shuka halitoki mlangoni kwangu bila saini ya mtu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nilipotea pamoja na mali.


Jumamosi, 8 Machi

Nimerudisha viwili, nimeazima viwili. Saini mbili, mihuri miwili. Mzee ametia saini pale nilipoweka kidole, bila maswali. Wazee wa namna hii wamebaki wachache.


Jumatano, 12 Machi

Mvua imeanza. Mashuka hayakauki.


Jumamosi, 15 Machi

Maktaba inavuja. Nimewakuta wamepanga ndoo kati ya kabati na kabati, na vitabu vilivyolowa vimetandazwa juu ya meza za kusomea kama nguo. Nikawaonyesha namna ya kuweka karatasi kavu kati ya kurasa na kuzigeuza kila baada ya muda. Mzee Muhuri alinishukuru mara tatu.

Mkutubi mkuu mpya hakunishukuru hata mara moja. Ni mwanamke mdogo kuliko mimi, amekuja mwaka huu, na anatembea kimyakimya akigusa migongo ya vitabu kama kiranja anayehesabu wanafunzi. Basi humu ataitwa Kiranja. Alichoniambia ni, "Dada, hicho usikigeuze, kitachanika."

Kilikuwa hakichaniki.


Jumamosi, 22 Machi

Vile vilivyolowa vimerudi kutoka kwa fundi wa kujalidi vikiwa vimevalishwa majalada mapya ya kitambaa cha kijani, vyote, kama sare ya shule. Mgongoni havina jina wala lebo bado. Lazima ukifungue ndipo ujue ni cha nini. Nimeazima kimoja, cha mtunza stoo, ambacho mwalimu amesema nusu ya mtihani imo humo. Nimekifunika kwa gazeti kisichafuke.


Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Darasa halikuwepo. Nimesoma sura nne mezani, mama mkwe akiniuliza kila baada ya dakika kumi kama nimefaulu.


Jumamosi, 5 Aprili

Kitabu cha mtunza stoo, jalada la kijani, namba 4186. Kimerudi leo. (Saini ya mzee, na muhuri.)

Sasa nimefika nyumbani na naandika chini ya saini hiyohiyo, kwa sababu jambo hili limenikaa kooni.

Mvua leo ilinyesha hadi mtaa ukawa mto. Maktaba ilikuwa tupu. Kiranja yuko kwenye semina, atarudi wiki ijayo. Nilipomaliza mambo yangu, Mzee Muhuri akatoa bahasha mfukoni, akasema amesahau miwani, nimsomee. Ilikuwa barua ya kustaafu: mwisho wa Juni, akabidhi kila kitu kikiwa kamili, ndipo karatasi zake zipitishwe. Nikamsomea. Halafu nikaiona miwani yake. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati, mbele yangu kabisa.

Uso wangu haujui kunyamaza. Akasema, "Miwani haisaidii, mwanangu. Mwaka wa pili sasa. Naona mtu amesimama, naona rangi ya kitabu, naona unene wake. Maandishi siyaoni."

"Na kadi?"

"Vitabu hivi nimeishi navyo. Chekundu chembamba ni hesabu, cha bluu kilichopinda mgongo ni afya. Kadi nazijua kwa mahali nilipoziweka." Akairudisha barua mfukoni. "Wakijua watanitoa kabla ya siku yangu. Niache nifike Juni. Usimwambie mtu."

Nimeahidi. Nampenda mzee huyu na ahadi ni deni. Nimeandika hapa tu, na daftari si mtu.


Alhamisi, 10 Aprili

Gauni za chumba cha upasuaji, sitini na mbili. Zimesainiwa.


Jumamosi, 19 Aprili

Kiranja amerudi na nimemkamata. Nilikuwa nimesahau mwavuli, nikarudi baada ya kufungwa. Mlinzi akaniruhusu, nikamkuta yuko peke yake kwenye meza ya mzee, droo imefunguliwa, anachambua kadi moja baada ya nyingine na kulinganisha na vitabu vilivyorudi leo. Akaniona akafunga droo.

Kwa hiyo anamwinda. Mzee wa watu amebakiza miezi miwili, na yeye anachimba droo yake atafute kosa. Nimefika nyumbani nimekasirika hadi chai imepoa mbele yangu.


Jumamosi, 26 Aprili

Siku mbaya. Naiandika yote.

Chuo kimetupa fomu ya kuandikishwa mtihani. Ina mahali pa saini nne, na ya mwisho ni ya mkutubi: kwamba mwanafunzi hadaiwi kitabu. Mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa ya tarehe 9 Mei. Isiporudi siku hiyo, hufanyi mtihani mpaka mwakani, na mwakani stoo itakuwa imeshapata mtu.

Nikaenda maktaba kichwa juu. Mzee alikuwa amekwenda kula. Kiranja akafungua droo, akatafuta, akatoa kadi.

"Dada, una kitabu. Mtunza stoo. Kilitakiwa tarehe tano."

Nakiri kwamba nilifurahi. Mtu akingoja miaka yote swali fulani, siku likiulizwa anaona raha. Nikatoa daftari, nikalamba kidole, nikafunua ukurasa wa tarehe tano nikiwa tayari kuugeuza na kumwekea mbele ya pua. Saini ilikuwepo, muhuri ulikuwepo, na chini yake kulikuwa na mwandiko wangu mwenyewe: *maandishi siyaoni, usimwambie mtu.*

Nikalifunga.

"Ushahidi nimeusahau nyumbani," nikasema.

Kiranja akalitazama daftari mkononi mwangu, akanitazama mimi. "Basi ukiukumbuka ulete," akasema, kwa upole wa kuudhi.

Nimetembea kwa miguu hadi nyumbani na mvua yote ikanishukia.


Jumapili, 27 Aprili

Mume wangu anasema nipige fotokopi nusu ya juu tu ya ukurasa. Ni wazo zuri kwa mtu wa mafriji. Nilimweleza kwamba saini peke yake inatosha kumwangusha mzee: kama kitabu kimerudi kwa saini yake na hakionekani, basi kimepotea mikononi mwake, na yeye anatakiwa kukabidhi kila kitu kikiwa kamili. Nikijitoa mimi, namwingiza yeye.

"Na wewe ukijitoa mhanga?" akauliza.

"Mimi sijitoi."

"Basi mwambie mzee mwenyewe."

Mama mkwe, ambaye alikuwa amesinzia kwenye kiti, akasema bila kufumbua macho kwamba mwanawe leo amesema neno la maana na tuandike tarehe.


Jumanne, 29 Aprili

Nimeomba ruhusa kazini nikaenda kukitafuta. Kabati la biashara, stoo na uhasibu nimelipekua kitabu kwa kitabu, kutoka juu hadi chini. Vya kijani vitatu, hakuna changu. Kiranja amepita nyuma yangu mara mbili bila kusema neno.


Jumamosi, 3 Mei

Nimemsubiri mzee atoke kwenda kula, nikafuatana naye hadi chini ya paa la geti. Nikamwambia moja kwa moja. Kadi yangu imebaki drooni. Saini yake ninayo. Fomu inafungwa Ijumaa.

Alisimama, maji yakidondoka kutoka ukingo wa paa hadi kwenye kiatu chake bila yeye kusogea.

"Hivi vya kijani," akasema mwishoni. "Tangu vije sijui kipi ni kipi. Vyote ni vya kijani, vyote vinanuka gundi."

"Mzee wangu, sitaki kukuumiza. Lakini mtihani ule siuachi."

"Usiuache. Nipe muda niliseme mwenyewe."

"Mpaka Ijumaa."

"Ijumaa," akasema. Akanipa mkono, kama watu waliouziana shamba.


Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Nimepita maktaba baada ya kazi. Mzee yuko mezani, anagonga muhuri. Kiranja hajabadilika uso. Hajasema.


Jumatano, 7 Mei

Hajasema. Nyumbani wananiambia chakula nakimeza kama nakimbizwa.


Alhamisi, 8 Mei

Leo saa nne asubuhi nimemwomba msimamizi wangu ruhusa ya saa mbili, nikavua aproni, nikaenda maktaba kumkumbusha mzee kwamba imebaki siku moja. Kiti chake kilikuwa kitupu. Mlinzi akasema hajaja leo, hajaaga.

Miaka thelathini na moja hajakosa kadi, na siku moja kabla ya ahadi yetu hajaja kazini. Nilielewa kwamba amekimbia. Nikaona mashuka arobaini, nikaona wiki mbili za kukaa nyumbani, nikaona stoo inakwenda kwa mwingine. Nikapanda ngazi hadi ofisi ya Kiranja, nikaliweka daftari mezani likiwa limefunguliwa tarehe tano Aprili.

"Kimerudi. Saini hii hapa," nikasema. "Na kilichoandikwa chini yake usome pia, maana utakisoma tu."

Alisoma. Alisoma polepole, kidole kikishuka na mistari, akarudi juu kwenye saini, akakaa hapo kwa muda, akasoma tena. Halafu akageuza ukurasa mmoja nyuma na mmoja mbele, jambo ambalo sikumruhusu.

"Kiranja ni mimi?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

"Dada, kuhusu macho ya mzee najua. Nilijua wiki ya kwanza nilipofika. Nilimpa barua aisome akaniambia atakwenda kuisoma nyumbani." Akafunga daftari taratibu. "Kila jioni akiondoka nabaki napitia droo yake, narekebisha kadi zilizokosewa. Si nyingi. Tatu, nne. Nilitaka amalize kazi yake na heshima yake. Wiki ile ya tarehe tano nilikuwa semina. Nilijua kuna kosa limebaki mahali, ila sikujua ni lipi."

"Kwa nini basi uliniambia nina kitabu?"

"Kwa sababu droo ilisema hivyo, na mzee alikuwa anarudi kutoka kula, na kulikuwa na watu nyuma yako. Nilingoja uniambie kimerudi. Ungesema hivyo tu, ningeshuka tukakitafute wote. Wewe ukasema umesahau ushahidi nyumbani huku umeushika."

Nikalichukua daftari langu mezani, nikalibana kwapani.

Tukashuka. Akaeleza kama mwalimu: mzee alipokea cha kijani kutoka kwangu, akaenda drooni, akachukua kadi ya kitabu kingine cha kijani kilichotakiwa siku ileile, akaitia kwenye kitabu changu, halafu mtu wa kupanga akakipeleka kabatini kwa kufuata kadi, maana mgongoni hakuna jina. Kwa hiyo tusitafute stoo. Tutafute popote penye kijani. Tulianza kwenye afya, tukaenda kilimo, na kwenye kabati la tatu, la mifugo, kati ya kitabu cha magonjwa ya kuku na kitabu cha kutengeneza banda, kilikuwepo. Kadi iliyokuwa mfukoni ilisema kuku wa mayai. Ukifungua ndani ni mtunza stoo, na kwenye ukurasa wa hamsini pana alama ya chai ya mama mkwe.

Kiranja akasoma namba iliyogongwa ndani kwa sauti, "Elfu nne mia moja sitini na nane."

"Ndicho hicho," nikasema.

Akaenda drooni akatoa kadi yangu, akaitia mahali pake. Akasaini fomu kwa kalamu ya wino mweusi. Nilitoka nje jua likiwa limetokeza kwa mara ya kwanza wiki hii, nikamwambia mlinzi ni siku njema.


Ijumaa, 9 Mei

Fomu imeingia chuoni saa mbili na nusu. Nimemwomba karani anisainie kwamba ameipokea. Amesaini.

Nikarudi kazini naimba. Mwenzangu wa mashine ya kukamua mashuka akaniambia, "Jana ulipotoka alikuja mzee mmoja dirishani anakuulizia. Shati jeupe. Alisema yuko kliniki ya macho, wamempa fomu za kujaza, na maandishi ni madogo. Alitaka umsomee."

Nikauliza ilikuwa saa ngapi.

"Saa nne. Alikaa kwenye benchi pale mpaka saa sita."

Kutoka benchi lile hadi mashine yangu ni hatua thelathini. Nimezipima leo.


Jumamosi, 10 Mei

Sikutaka kwenda maktaba, nimekwenda. Mzee Muhuri alikuwa mezani kwake. Watu walipopungua akanieleza bila mimi kuuliza, sauti ya chini, macho kwenye muhuri.

Daktari amesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na yanafanyiwa upasuaji. La kwanza tarehe 3 Juni. Alipewa barua. Mpango wake ulikuwa Ijumaa asubuhi apande ngazi, aiweke barua juu ya meza ya mkutubi, aseme kosa, aseme na dawa ya kosa. Mkewe alimsikiliza akiyafanyia mazoezi maneno yake. Ijumaa akapanda. Alipofungua mdomo, akaona uso wa mkutubi hauna mshangao wowote.

"Uso nauona, mwanangu. Maandishi ndiyo siyaoni."

"Mzee, nimekosa," nikasema. "Nilikwambia Ijumaa, nikaenda Alhamisi. Nilidhani umekimbia."

"Miaka thelathini na moja," akasema. "Nilitaka niseme mwenyewe, tena nikiwa nimesimama."

Hakugomba. Alimwita msomaji aliyefuata akamgongea muhuri. Nilisogea pembeni na vitabu vyangu viwili kifuani, nikaona aibu kwelikweli, aibu ile ya mtoto aliyepatikana na kosa.

Mume wangu amenifariji kwamba nilikuwa na haki yangu. Haki nilikuwa nayo. Lakini siku ile moja ilikuwa ya mzee, na nimemnyang'anya. Mama mkwe amesema, "Mwenye haki naye hungoja," akaomba chumvi.


Jumamosi, 17 Mei

Nimerudisha viwili. Mume wangu alinishauri nisimsumbue tena mzee na saini, nimwonee huruma. Nilifikiri njia nzima, nikaona kwamba nikiacha kumwomba leo, ni sawa na kumwambia saini yake haina thamani tena. Nikalifungua daftari mbele yake kama siku zote. Akachukua kalamu, akasaini, akagonga muhuri kwa nguvu kuliko siku zote.


Jumamosi, 24 Mei

Mzee amesema, akiwa anapanga kadi, "Zile fomu za hospitali bado sijajaza."

Nikasema, "Zilete."

Tulizijaza juu ya meza yake wakati wa chakula, mimi nikisoma, yeye akijibu, Kiranja akisimamia meza ya kuazimia badala yake. Kwenye sehemu ya ndugu wa karibu ameniambia niandike jina la mkewe, halafu chini yake langu.


Jumamosi, 31 Mei

Mtihani. Maswali sita, nimejibu sita. Mwenye wasiwasi na awe na wasiwasi, mimi nimelala vizuri.


Jumanne, 3 Juni

Mashuka ya chumba cha upasuaji wa macho leo nimeyapiga pasi mimi, na sikumwachia mtu. Mzee ameingia saa tatu, ametoka saa nne kasorobo akiwa amefungwa bandeji na analalamika njaa. Mkewe amenishika mkono mpaka tulipofika getini.


Alhamisi, 12 Juni

Mvua imekwisha. Mashuka yanakauka kabla sijamaliza kuyaanika.


Jumamosi, 28 Juni

Siku ya mwisho ya Mzee Muhuri kazini. Makabidhiano yamefanyika jana, kila kitu kamili, karatasi zake zimepita. Kuna foleni ndefu leo, nadhani watu wameazima kwa ajili ya kugongewa tu.

Zamu yangu ilipofika nikaweka kitabu, nikafungua daftari, nikaandika jina, namba, tarehe, nikaweka kidole mahali pa saini. Mzee hakushika kalamu. Akavaa miwani mipya, akalivuta daftari kwake, akaanza kusoma. Alisoma mstari wa kwanza, akafungua kitabu, akatazama namba iliyogongwa ndani, akarudi daftarini. Nyuma yangu watu wanane.

"Umeandika 2719," akasema. "Kitabu hiki ni 2179."

"Haiwezekani, mzee."

Akanigeuzia. Iliwezekana.

"Kwa ushahidi huu ungefika mahakamani ukathibitisha kwamba umerudisha kitabu ambacho hukuwahi kukiazima," akasema, kwa sauti ya kusikika na watu wote, na kwa furaha ambayo sijawahi kuiona usoni pake. "Kata. Andika upya. Mimi sisaini kitu kisicho sawa."

Nimekata, nimeandika upya, mzee amehakikisha mara mbili, amesaini, amegonga. Watu wamecheka na mimi nimecheka, ingawa kidogo kuliko wao.

Nimerudi nyumbani nimekaa na daftari. Nilitaka nijihakikishie kwamba ni kosa la mara moja. Vitabu vingi sinavyo tena nipate kulinganisha, lakini kimoja namba yake naijua, kwa sababu ilisomwa kwa sauti mbele ya kabati la mifugo: 4168. Nimefunua tarehe tano Aprili. Kwa mwandiko wangu mwenyewe, juu ya saini na muhuri, nimeandika 4186.

Ushahidi wote nilioubeba msimu mzima ulikuwa wa kitabu kingine. Na Kiranja, ambaye namba ya kweli alikuwa ameiona kwenye kadi yangu, aliupitishia kidole mstari kwa mstari, akarudi juu, akakaa pale kwenye namba kwa muda, nami nikadhani anaitazama saini. Hakusema kitu. Alishuka ngazi pamoja nami, tukakitafuta, akasaini fomu yangu.